Nguzo Chini ya Nyumba ya Bibi Kwakkel

Simu ilipotetemeka mfukoni, Gerdien Blonk alikuwa ameinamia ukwato wa ng'ombe wa kumi na saba wa asubuhi ile. Hakupokea. Mkata kwato hapokei simu grinda ikiwa inazunguka, labda awe amechoka na vidole vyake. Alimaliza ukwato, akalegeza mkanda, akamfungulia ng'ombe mlango wa kizimba cha chuma, ndipo akavua glovu na kutazama. Aliyepiga alikuwa dalali wa nyumba. Akampigia.

"Gerdien, umekaa?"

"Nimesimama kwenye mavi."

"Basi shika ukuta. Ile nyumba ya Bibi Kwakkel kwenye tuta la kusini, wale waliokushinda kwa bei wamejitoa. Anayefuata ni wewe. Bado unaitaka?"

Alisema ndiyo kabla dalali hajamaliza. Kisha akasita. "Wamejitoa kwa nini?"

"Mnunuzi ana siku tatu za kufikiri baada ya kusaini. Sheria inampa. Halazimiki kutoa sababu."

"Sijakuuliza sheria. Nimekuuliza kwa nini."

"Gerdien," dalali akasema kwa ile sauti yake laini ya kazini, "unaitaka, au nimpigie wa tatu?"

Mimi ndiye ninayeuza mkate hapa Broekerzijde, asubuhi tu, Jumapili nimefunga, kwa hiyo mengi ya kisa hiki yalipita kwenye kaunta yangu yakiwa bado ya moto. Gerdien wa Huib nimemjua tangu akiwa mtoto wa shule mwenye magoti yaliyochubuka. Sasa ana miaka arobaini na sita, mabega mapana, mikono imejaa makovu madogo. Ng'ombe wa upande wetu wote wanatembea vizuri kwa sababu yake. Yeye mwenyewe, tangu aachane na mumewe, alikuwa amekaa miaka kumi na moja juu ya ghala la jibini la mkulima mmoja, vyumba viwili na ngazi ya nje, kwa makubaliano ya mdomo. Mkulima yule akaacha ng'ombe na kuuza kila kitu. Mwenye mali mpya hakuwa mtu mbaya. Alimpa hadi mwisho wa Februari.

Kupanga kwingine? Orodha ya wanaosubiri nyumba za kupanga ni ya miaka tisa. Kununua? Kijijini kwetu nyumba huuzwa mbili au tatu kwa mwaka, na siku ya kutazama foleni hufika darajani, nusu yao watu wa mjini waliovaa viatu vyeupe. Kila mtu anaandika bei yake mara moja tu, bila kujua mwenzake ameandika nini, halafu anakwenda kusubiri simu. Katika miaka mitatu Gerdien aliandika bei mara sita, na mara sita simu ilimletea pole. Hii ya saba ilipomletea nyumba, ikamtia hofu kuliko zote zile.

"Watu hawaikimbii nyumba bure," baba yake alimwambia jioni ile. Mzee Huib alikuwa dereva wa lori la maziwa, sasa ana miaka sabini na tisa na anaishi kwenye vyumba vya wazee nyuma ya kanisa. "Mimi sisemi kitu. Nasema tu, hawaikimbii bure."

"Baba, mtu akisema hasemi kitu, ananyamaza."

"Nimenyamaza. Kula supu yako."

Hakula. Supu ya njegere ilipoa, ikaganda hata kijiko kikasimama chenyewe katikati ya bakuli, naye akawa anakitazama tu.

Ijumaa alisaini. Bei ilikuwa euro laki tatu na elfu ishirini na mbili, na ndani ya mkataba aliweka masharti mawili: apate mkopo, na msingi wa nyumba uchunguzwe ndani ya wiki tatu. Wale waliomshinda hawakuweka sharti hata moja. Siku hizi ndivyo watu wanavyonunua nyumba, macho wamefumba.

Zile siku tatu za kufikiri sasa zilikuwa zake, na alizitumia vibaya. Alichukua ufunguo kwa dalali akaenda kwenye nyumba mara tano. Bibi Kwakkel alikuwa ameshahamia nyumba ya wazee ya mji wa jirani, vyumba vilikuwa vitupu, na kwenye kuta zilibaki alama nyeupe za mahali picha zilipokuwa. Pale jiko lilipoungana na nyumba palikuwa na ufa. Gerdien alichomeka sarafu ya euro mbili, ikaingia bila kusukumwa. Aliweka gololi sakafuni sebuleni, ikatulia. Akaiweka mlangoni mwa jiko, ikaondoka yenyewe, polepole kwanza, kisha mbio, ikagonga ukuta wa nyuma. Akairudisha mlangoni. Ikaondoka tena. Alifanya hivyo mara nne, kana kwamba gololi ingebadili mawazo.

Udongo wetu ni mweusi, laini, umejaa maji, na nyumba za zamani zimesimama juu ya nguzo za mbao zilizopigwa chini mpaka kwenye mchanga. Nguzo ikikaa majini inaishi miaka mia na zaidi. Maji yakishuka, kichwa cha nguzo kikipata hewa, kinaanza kuoza. Hapa kila mtu analijua jambo hili, na mwenye nyumba halizungumzi. Msingi mpya unaweza kula euro laki moja. Na nyumba ikiwa pacha mambo ni magumu zaidi, maana ukuta wa katikati ni mmoja na nguzo za chini yake ni za watu wawili.

Nyumba ya Bibi Kwakkel ni pacha. Upande wa pili anaishi Evert Stolk.

Siku ya tatu Gerdien alikuja dukani kwangu, akaomba mkate wa ngano nzima, akasahau kuuchukua, akarudi. "Saa sita usiku wa leo siku zangu zinakwisha," akaniambia. "Nijitoe?"

"Utakwenda wapi ukijitoa?"

"Ndilo ninalojiuliza."

Hakujitoa.

Fundi wa misingi aliyepatikana alikuwa Bwana Terpstra, mtu mrefu mwenye maneno machache, na nafasi yake pekee ilikuwa Alhamisi ya wiki ya tatu. Muda wa sharti ulikuwa unakwisha kesho yake, Ijumaa saa kumi na moja jioni. Baada ya saa hiyo, akijitoa atalipa asilimia kumi ya bei kama faini. Gerdien hakuwa na asilimia kumi ya kitu chochote.

"Kuna jambo moja," Terpstra alimwambia kwenye simu. "Upande wako peke yake hautoshi. Lazima nione nguzo za ukuta wa katikati, na kwa ramani hii shimo litaangukia kwa jirani. Nisipoziona nitaandika kwamba hali haijulikani. Na benki yako haitatoa mkopo kwa nyumba isiyojulikana."

"Nitazungumza na jirani."

"Zungumza naye mapema."

Alikwenda siku hiyohiyo. Evert Stolk ana miaka sabini na miwili, alichimba na kusafisha mifereji maisha yake yote, mkewe Lijsbeth alifariki miaka sita iliyopita, na milango ya nyumba yake huifungua nusu. Gerdien alijieleza akiwa amesimama barazani kwenye manyunyu.

"Sitaki shimo," Evert akasema.

"Ni shimo la siku moja, Bwana Stolk. Watafukia, watarudisha mawe kama yalivyokuwa. Gharama zote ni zangu."

"Wale wa viatu vyeupe pia walikuja kuniomba shimo. Niliwaambia hapana. Na wewe nakwambia hapana."

Kumbe hiyo ndiyo sababu, Gerdien akafikiri. "Kuna kitu chini unakijua?"

"Chini kuna udongo," Evert akasema, akafunga mlango.

Kwa wiki mbili aliishi hivyo. Uso ulimpungua. Mkulima mmoja aliniambia kwamba Gerdien amekata kwato za ng'ombe mmoja mara mbili, alisahau kwamba ameshammaliza. Alipiga simu benki kila asubuhi kuuliza kama fomu zimefika, mpaka yule mfanyakazi akawa anamtambua kwa kikohozi. Mzee Huib hakumsaidia.

"Evert na Nel Kwakkel hawajasemeshana miaka ishirini," alimwambia. "Ukuta mmoja, miaka ishirini, hata heri ya mwaka mpya hakuna. Mimi ningejiuliza kwa nini."

"Kwa nini?"

"Mambo ya maji, nilisikia. Sikumbuki. Mimi sisemi kitu."

Jumatano, siku moja kabla ya Terpstra kuja, Evert aliingia dukani kununua nusu mkate wake wa kila Jumatano. Gerdien alikuwa tayari kwenye kaunta. Sikuwakutanisha mimi, naapa.

"Bwana Stolk," Gerdien akasema, na sauti yake haikuwa ya mtu anayebembeleza, ilikuwa imechoka. "Kesho wanachimba upande wangu. Nakuomba mara ya mwisho. Nisipopata nyumba hii, mwezi wa tatu nitalala kwenye gari langu la kwato."

"Lina hita?"

"Evert!" nikasema. "Mbona una roho mbaya hivyo?"

"Wewe uza mkate." Lakini aligeuka akamtazama Gerdien, na nikaona ile midomo yake inatafuta pa kukaa. "Umefikiria upande wangu? Huyo mtu wako achimbe, akute zimeoza. Nitalipa kwa kitu gani? Kwa pensheni ya mchimba mifereji? Wewe utakwenda kutafuta nyumba nyingine. Mimi nitabaki na karatasi inayosema nyumba yangu haina thamani, na siku nikiumwa siwezi hata kuiuza. Nisipojua, nalala."

"Unalala kweli?" Gerdien akamwuliza.

Evert aliweka sarafu kwenye kaunta, akachukua nusu mkate wake, akatoka.

Alhamisi mvua haikunyesha, ndiyo bahati pekee ya asubuhi ile. Terpstra alianza kuchimba kwa mkono mbele ya nusu ya Bibi Kwakkel, chini ya dirisha la sebule. Gerdien alikataa kazi siku hiyo na akawa anapokea udongo kwa toroli. Baba yake alikuja na kiti cha kukunja, akaketi kwenye njia kama mtu aliyekuja kutazama mpira.

Saa nne na nusu sepetu ya Terpstra iligonga kitu kisicho mbao. Akasukuma. Kitu kikapasuka, na maji yakaanza kuingia shimoni, safi, kwa nguvu, kama mtu amefungua bomba.

"Hii nini?" Terpstra akainama. Lilikuwa bomba lenye matundu madogo madogo, limezungushiwa makumbi ya nazi, kama yale wanayofukia mashambani kutoa maji. Lilikuwa limelazwa kufuata ukuta wa mbele, limenyooka kama rula.

Mlango wa pili ukafunguka, na safari hii haukufunguka nusu. Evert Stolk alitoka mbio akiwa na viatu vya ndani.

"Acha! Acha, mwehu wewe! Umekata bomba langu!"

Kila mtu akasimama. Mzee Huib akavua kofia akaivaa tena.

"Bomba lako?" Gerdien akauliza. "Chini ya bustani ya Bibi Kwakkel?"

Evert aliangalia shimo, akaangalia nyuso zetu. Nasema zetu kwa sababu nilikuwa nimefunga duka mapema, na sioni haya kukiri. Soksi zake zilikuwa zimeshalowa. Hakuwa tena na mahali pa kurudi.

"Mwaka ule wa ukame mkubwa," akaanza, "mlango wangu ulikuwa haufungiki. Nikachimba kidogo mwenyewe, nikagusa vichwa vya nguzo. Vikavu! Mfereji uko hatua kumi na mbili kutoka hapa, umejaa, na chini ya nyumba pakavu. Nikamwendea Nel, nikamwambia tulaze bomba kutoka mferejini, tupitishe mbele ya nyumba zote mbili, maji yawe yanaingia yenyewe kiangazi. Gharama ndogo tu, kazi ningefanya mimi. Akasema nitamletea unyevu na mbu. Akasema marehemu mumewe hakuwahi kulalamika juu ya nguzo. Akasema mimi napenda kuchimba kwa sababu sijui kufanya kitu kingine."

"Ndipo mkaacha kusemeshana," akasema Mzee Huib. "Nilisema mambo ya maji!"

"Baba!"

"Baadaye akaenda kwa mwanawe Kanada wiki sita," Evert akaendelea. "Nikalaza. Upande wake pia. Ningefanyaje? Ukuta wa katikati ni mmoja, zake zikioza zangu zinakwenda nazo. Nikarudisha nyasi, nikarudisha maua. Miaka kumi na minane mimi nafungua koki mwezi wa nne, nafunga mwezi wa kumi. Lijsbeth peke yake ndiye aliyejua."

Terpstra alikuwa amechuchumaa, ameshika mdomo wa bomba. "Nani alikupimia mteremko?"

"Miaka thelathini na minane ya kuchimba mifereji ndiyo iliyonipimia."

"Ni mzuri," Terpstra akasema, na kwa mtu wa maneno machache kama yeye hiyo ilikuwa hotuba. "Basi tuone kama imesaidia. Nionyeshe upande wako."

Evert alitazama mawe yake yaliyopangwa vizuri mbele ya mlango.

"Na ukikuta zimeoza?"

"Nitaandika zimeoza."

"Na kama ni nzima?"

"Nitaandika ni nzima. Na nitaandika sababu."

Evert aliingia ndani, akafunga mlango. Gerdien alibaki kwenye tope, mikono imening'inia. Aliniambia baadaye kwamba katika dakika zile alishaanza kufikiri atampeleka wapi paka wake. Baba yake kwa mara ya kwanza katika wiki tatu hakusema chochote. Kisha mlango ukafunguka, Evert akatoka amevaa viatu vyake vya mbao na ameshika sepetu yake mwenyewe, mpini umelainika kwa kushikwa.

"Nachimba mimi," akasema. "Ninyi mtanivunjia mawe."

Walichimba wawili, yeye na Gerdien, bega kwa bega, na Evert hakuacha kumkosoa. "Usichimbe kama unatafuta viazi! Weka ukingo wima!" Saa nane mchana kichwa cha nguzo kilionekana, cheusi, kimelowa, na cha pili kando yake. Terpstra alishuka na kifaa chake, kitu kama bastola chenye sindano ya chuma, kinachopiga mbao na kupima sindano imezama kiasi gani. Tak. Akaandika. Tak. Akaandika. Alipiga mara kumi na mbili na uso wake haukutuambia lolote.

"Basi?" Evert akauliza kwa sauti ndogo.

"Vipande vya mbao vinakwenda maabara leo. Ripoti kesho."

"Kesho saa ngapi?" Gerdien akauliza.

"Kabla ya saa kumi na moja. Nitajitahidi."

Ijumaa Gerdien hakwenda kazini tena. Aliketi ndani ya gari lake mbele ya nyumba, simu kwenye mapaja. Saa saba hakuna kitu. Saa nane hakuna. Saa tisa Evert aligonga kioo akampa kahawa na biskuti moja, akaondoka, akarudi, akaingia akaketi kiti cha pili. Saa kumi na dakika kumi ripoti ikafika.

Gerdien aliipitisha macho mara mbili bila kushika neno, akampa Evert simu, naye hakuwa na miwani. Mwishowe Gerdien akasoma kwa sauti. Nguzo za ukuta wa katikati na za mbele ni nzima. Laini kwa nje milimita chache tu. Zitabeba nyumba miaka ishirini na mitano au zaidi, endapo maji yataendelea kuwa juu kama yalivyo sasa kwa msaada wa bomba.

Evert aliweka mkono juu ya dashibodi.

"Kuna ukurasa wa pili," Gerdien akasema, na sauti ikamshuka. Jiko halikuwa na nguzo. Hata moja. Lilijengwa juu ya udongo mtupu, na linajitenga na nyumba kwa kuzama, milimita nne kila mwaka. Libomolewe, lijengwe upya.

Dakika arobaini na tano zilibaki. Jiko jipya lingekula akiba yake yote na zaidi. Alimpigia dalali: bei ipungue elfu ishirini, la sivyo anajitoa sasa hivi.

"Bibi Kwakkel hapokei simu," dalali akasema baada ya dakika saba. "Ijumaa jioni wanaimba zaburi ukumbini, simu anaiacha chumbani. Gerdien, bila neno lake siwezi kukupa hata senti moja."

Gerdien aliwasha gari. Evert alishuka upesi kama mtu aliyeambiwa anapelekwa hospitali.

Nyumba ya wazee iko dakika kumi na mbili, naye alifika kwa tisa, kizimba cha ng'ombe kikigonga nyuma ya gari. Bibi Nel Kwakkel, miaka themanini na sita, nywele zimechanwa vizuri, alikuwa mstari wa pili, kitabu wazi mapajani. Gerdien alipita katikati ya viti akiwa na buti zake za kazi, akachuchumaa kando yake.

"Bibi Kwakkel, nisamehe. Ni mimi, Gerdien wa Huib. Ni habari ya nyumba."

"Mwanangu, unanuka zizi."

"Najua. Jiko halina nguzo."

Bibi Kwakkel alifunga kitabu. "Bila shaka halina. Mume wangu alilijenga likizo moja, yeye na shemeji yake. Nilimwambia, Gijs, huweki nguzo? Akaniambia, jiko si ghorofa." Akatikisa kichwa. "Na nyumba?"

"Nyumba ni nzima." Gerdien alijua angeweza kuishia hapo. Lakini ripoti ingefika kwa dalali, na dalali angemsomea bibi. Basi akasema yote haraka, bomba, Kanada, koki ya mwezi wa nne.

Shingo ya Bibi Kwakkel ilianza kuwa nyekundu taratibu. Waimbaji walikuwa wamefika ubeti wa tatu. "Aliingia kwangu," akasema. "Nikiwa kwa mjukuu wangu mchanga. Akachimba bustani yangu."

"Ndiyo, bibi."

"Hortensia zangu, yale maua ya mbele, zilikufa mwaka ule. Zote tano. Miaka yote nimeilaumu baridi." Akapapasa jalada la kitabu. Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi na dakika arobaini na nane. "Alizipanda chini mno, mjinga yule. Mchimba mifereji hajui kupanda kitu, anajua kufukia."

"Bibi, nina dakika kumi na mbili. Punguza bei elfu ishirini. Nisipopata lazima nijitoe, na sitaki kujitoa. Naogopa kununua na naogopa kutonunua. Sijui namna nyingine ya kulisema."

Bibi Kwakkel alimtazama buti, kisha uso.

"Elfu kumi na tano," akasema. "Na usiniletee tena habari za mtu yule."

Saa kumi na dakika hamsini na nne, kwa simu ya Gerdien, Bibi Kwakkel alimtamkia dalali maneno hayo, kwa sauti ya juu kiasi kwamba mwongoza nyimbo aliwanyamazisha wengine. Kisha akafungua kitabu chake na kutafuta ubeti. Gerdien alitoka nje hadi uwanja wa magari, akakaa chini kwenye lami, akalia kama mtu aliyepigwa.

Mwezi wa kwanza walitia saini kwa mthibitishaji wa hati, na wiki ya mwisho ya Februari akahamia. Mzee Huib alibeba paka. Jiko lilibomolewa masika, na kwa miezi saba Gerdien alipika ukumbini kwenye jiko la gesi la kupigia kambi. Evert alilalamika juu ya kelele za wajenzi, juu ya vumbi, juu ya mahali walipoegesha lori. Bibi Kwakkel hakutuma salamu, wala Evert hakuziulizia.

Msijidanganye kwamba hofu ilimwisha. Juni ile haikunyesha mvua siku ishirini na sita. Gerdien alipima maji kwa kijiti kwenye tundu waliloacha wazi Evert alipoliunga bomba, kabla ya kwenda kazini na baada ya kurudi, na Evert alikuwa amefanyiwa upasuaji wa nyonga, kwa hiyo koki ilikuwa mikononi mwa Gerdien. Asubuhi moja aliingia dukani na mavumbi ya kwato kwenye nyusi.

"Nyumba inaendeleaje?" nikamwuliza.

"Leo asubuhi ilikuwa imesimama."

Alinunua mkate wake mzima na nusu mkate wa Evert, akalipa, akatazama saa, akasema anapita nyumbani kidogo kabla ya ng'ombe, maana jana maji yalikuwa yameshuka sentimita moja. Nilimwona dirishani akivuka tuta, hakimbii, lakini hatua zake zilikuwa ndefu.